Kigae cha Sita

Vigae vitano alivipulizia vanishi mara tatu tatu, akavianika juu ya gazeti. Cha sita alikiacha kama kilivyo.

Vyote vilitoka bafu moja, la hoteli iliyovunjwa mtaa wa nyuma. Aliviokota kwenye kifusi, akaviloweka kwenye siki siku mbili, akakwangua saruji kwa kisu mpaka vidole vikaota sugu. Kisha alidondosha wino, tone hapa, tone pale, akaupuliza kwa mrija hadi ukatanuka ukawa ua. Ua likimkataa, alilifuta kwa pamba yenye spiriti; pamba ikatoka na rangi yote, naye akaanza upya. Sokoni watu walivigombania ili wavitumie kuwekea glasi zao, na hakuna aliyejali kwamba juzi tu vilikuwa vya bafuni.

"Vanishi ya nini?" wateja walikuwa wakimuuliza.

"Wino huu maji hauyajali," aliwajibu. "Ila tone la pombe kali likiugusa, ua linayeyuka. Vanishi ndiyo kinga yake."

Vanishi yenyewe haikuwa ya kung'aa. Kigae kilichopakwa na kisichopakwa, kwa macho vilikuwa pacha.

Jioni hiyo alikiweka cha sita, chenye ua la buluu, kwenye meza ndogo kando ya kiti cha mumewe.

"Hiki chako. Glasi yako ikae hapa, usiniharibie meza."

Mumewe, fundi umeme, alikigeuza, akalitazama ua. "Kimepigwa vanishi?"

"Mara tatu, kama vya wateja."

"Basi leo na mimi ni mteja," akasema, akacheka.

Jibu la mke lilikuwa uongo, wala hakuuonea haya. Mwaka uliopita mwanamume huyu alilewa, akampakia binti yao wa miaka tisa kwenye pikipiki, akaanguka naye. Mkono wa mtoto ulivunjika sehemu mbili. Mpaka leo haunyooki. Darasani ananyoosha wa kushoto. Bibi yake mzaa mama alikuja hospitali, akamchukua akaenda kuishi naye.

"Mjukuu wangu harudi kule mpaka uniambie kwa kinywa chako kwamba huyo bwana ameacha," bibi alisema. "Na usiniambie kwa kumwonea huruma."

Mume aliapa kwamba ameacha. Aliapa kwa Mungu, kwa kaburi la baba yake, na siku moja hata kwa nyaya za umeme. Lakini mlevi kuapa ni kazi yake ya pili. Mke akauchukua ufunguo wa pikipiki, akawa analala nao chini ya mto. Alimnusa, akampekua mifuko, akaambulia pipi za kifua tu. Ndipo akawaza kigae. Mchana kutwa yeye yuko sokoni na mume hutangulia kurudi. Atakachokunywa, atakunywa hapo kitini. Chupa huchuruzika, mkono hutetemeka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, akajisemea, na zake siku hiyo alizifurahia. Akajiwekea siku arobaini.

Kila jioni aliporudi alitupia jicho kigae kabla hajasalimia. Ua lilikuwepo.

Siku ya tatu alikuta madirisha yote wazi na mume anapunga gazeti. Nyumba nzima ilinuka dawa.

"Nimepulizia mbu," mume akasema, akimumunya pipi. "Leo wamenila mpaka basi."

Wiki iliyofuata kopo la vanishi liliisha kabla ya wakati wake. Alimlaumu muuza duka, kwamba siku hizi watu wanauziwa hewa.

Siku ya ishirini, ua lilikuwepo. Siku ya thelathini alianza kumpikia mumewe vizuri bila kujua sababu. Siku ya arobaini alikiinua kigae hadi dirishani. Petali tano, zote nzima. Akakaa chini akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo, kisha akampigia mama yake.

"Mama, ameacha. Nakwambia kwa kinywa changu."

"Una hakika?"

"Ninao ushahidi."

"Haya. Aje amchukue."

Mume alipotiwa ufunguo mkononi hakuweza kumtazama mkewe usoni. Mke aliona ni shukrani.

"Nenda kamlete mwanao," akamwambia. "Polepole."

Alipobaki peke yake, aibu ikampanda. Mwanamke gani anamtegea mumewe mtego siku arobaini mezani kwake? Akaona ua lile lisiendelee kukaa ndani ya nyumba. Alifute, na binti akifika ampulizie baba yake jipya, la rangi anayoitaka, na hilo lipigwe vanishi kwelikweli.

Akakimiminia kigae spiriti, kifuniko kizima, akasubiri buluu itiririke. Simu ikalia.

"Wametoka sasa hivi," mama yake akasema. "Mtoto yuko nyuma amemkumbatia baba yake, anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo mwaka mzima."

"Ahsante, mama."

"Ila mwambie mumeo akapime hicho kifua. Pipi hazimtoki mdomoni."

Mke aliitua simu mezani. Akakata pamba, akailowesha, akasugua. Akamimina tena, akasugua kwa nguvu, mpaka vidole vikamuuma.

Pamba ilibaki nyeupe.