Injini Kutoka Japani

Injini ilikata roho siku ya Ijumaa, mbele ya msikiti, watu ndio kwanza wanatoka. Yazid hakupewa hata nafasi ya kuchagua pa kuaibikia. Nyuma ya gari mlikuwa na sufuria tatu za pilau ya harusi, na kando yake aliketi mkewe Ruweida, aliyeipika, akiutazama moshi.

Pilau ilipelekwa kwa tuktuk mbili. Gari lilisukumwa mpaka Tononoka, gerejini kwa Kaingu, fundi aliyelihudumia tangu walipolinunua.

Kaingu aliifungua injini, akachungulia, akafuta mikono.

"Maji yaliisha, Bwana Yazid, nawe ukaendelea kuliendesha. Lakini mwili wa injini bado mzima. Nitabadilisha pistoni, ringi na bearingi, niifunge upya. Nipe wiki tatu."

"Na nikitia injini nyingine?"

"Utatia. Ila hii waijua ilikotoka. Hiyo nyingine hujui imepita mikononi mwa nani."

"Baba Duha, mwache Kaingu aitengeze," akasema Ruweida. Alikuwa na harusi tatu zaidi za kupikia kabla ya Ramadhani, na bila gari kazi yake ingelala. "Pesa zilizoko ni hizi zangu za mapishi. Hizi zikienda ovyo, hatuna nyingine."

Sasa, Yazid ameuza vitambaa Mji wa Kale miaka ishirini na minane, na mwenyewe hukiri kwamba kazi hiyo ilimtia maradhi ya kudhani kuwa ajuaye kanga ameijua dunia. Injini ikitengenezwa, kazi yake ingekuwa kungoja tu. Ikinunuliwa, kungekuwa na kupatana bei, na Yazid hawezi kupita karibu na bei asiishushe.

"Mama Duha, kilichokufa kimekufa. Ntakuletea injini ya Japani, haijaonja hata jua la Mombasa."

"Wewe injini waijua?"

"Biashara naijua."

Ruweida akafungua mkoba. Hilo ndilo linalomuuma Yazid hadi leo, kwamba mkewe alimwamini.

Ile mbovu aliiuza jioni ile ile, kwa kilo, kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu mwenye mkokoteni. Walivutana nusu saa nzima. Yazid akaipandisha bei kwa thamani ya kikombe cha chai na mahamri mawili, akarudi nyumbani kifua mbele.

Kisha akaanza kutafuta ya Japani. Wiki tatu alizunguka, na kila injini aliipata na ila. Moja rangi imechujuka, nyingine muuzaji wake hatazami mtu usoni. Harusi ya kwanza Ruweida aliihudumia kwa tuktuk, na nusu ya mchuzi ikabaki barabarani. Siku hiyo hakula chakula cha usiku, na Yazid hakuthubutu kuuliza sababu.

Hatimaye, nyuma ya Mwembe Tayari, akaiona. Aina ile ile ya gari lake, imepakwa rangi ya fedha, yang'aa kama sinia ya harusi. Miwani yake Yazid alikuwa ameiacha nyumbani makusudi. Aliamini kwamba mteja mwenye miwani huonekana ana pesa.

"Imeshuka melini juzi, Shekhe," akasema muuzaji. "Na namba yake itazame, haijasuguliwa kwa tupa."

Yazid aliinama, akaona ukungu wa tarakimu, akatikisa kichwa kama daktari. Walipatana mpaka adhana ya alasiri. Aliishusha theluthi nzima. Muuzaji alilia kwamba amenyolewa bila maji, na Yazid, Mungu amsamehe, alimhurumia kweli kweli.

Kaingu aliifunga ndani ya gari kwa nusu siku.

"Ajabu," akasema, akijikuna kichwa. "Injini ngeni huwa na ubishi wake. Hii, kila bolti imekubali."

"Hilo ndilo jicho la kununua," akajibu Yazid. Huapa mwenyewe kwamba alilitamka neno hilo, kwa sauti, mbele ya watu wanne.

Gari likanguruma. Harusi mbili zilizosalia zikapata pilau ikiwa ya moto, na pesa za Ruweida zikaanza kurudi. Usiku mmoja akamwambia mumewe, "Niwie radhi, Baba Duha. Nilikudhania vibaya." Yazid akamsamehe kwa upole mkubwa. Kwenye kahawa akawa mtu wa kuulizwa. Watu waliokuwa na magari mabovu walimjia kutaka ushauri, naye hakumnyima mtu. Wote aliwaambia watupe, wanunue.

Likabaki jambo moja dogo. Sheria yataka injini ikibadilishwa, namba yake mpya iandikwe katika kitabu cha gari. Yazid alikwenda na Ruweida, ili naye aone mambo yanavyomalizwa na watu wanaojua.

Mkaguzi, dada mmoja aitwaye Dama, alifungua boneti, akamulika tochi, akaandika namba ya injini kwenye karatasi. Akatazama kitabu. Akarudi kwenye injini, akaifuta kwa kitambaa, akamulika tena.

"Ile ya zamani iko wapi, mzee?"

"Niliiuza chuma kikuukuu, mwanangu. Hii ni ya Japani moja kwa moja."

Dama akamkabidhi Ruweida kitabu. "Mama, nisaidie. Wewe soma humo namba ya injini ya zamani, mimi nasoma ya hii mpya."

Wakasoma kwa pamoja, sauti mbili, tarakimu saba, na hakuna hata moja iliyopishana.