Tundu la Kiti cha Bi Mwantumu

Uliusikia msumeno ukikatika sauti uani kwa Semeni, ukajifanya unaanika nguo. Usikatae.

Semeni, fundi seremala, alikuwa anakata tundu la duara kwenye kiti, maana mama yake, Bi Mwantumu, kavunjika nyonga na hawezi kuchuchumaa chooni. Alitoboa kwanza kwa keekee, akaufunga msumeno wa umeme wembe mwembamba wa kukatia mviringo, akashusha mwendo hadi mbili, akazima mrusho, ule mchezo wa wembe kwenda mbele na nyuma, ili ubao usichanike. Msumeno ulikata robo ya duara, ukazima.

"Umbo hili halijasajiliwa," msumeno ulisema, kwa sauti tamu ya bibi harusi. Kitufe cha mwendo kikajirudisha chenyewe sifuri.

"Si uwaombe waliotugawia msumeno walisajili, mwanangu?" aliuliza Bi Mwantumu.

"Nimewaomba, mama. Wanasema siku arobaini."

"Arobaini! Basi kibali kitanikuta mnanisomea hitima."

Semeni alimpelekea uji. Bi Mwantumu aliusukuma pembeni. Tangu jana hali wala hanywi, asije akabanwa na haja akaaibika mbele ya bintiye.

Mtaa haujasahau siku ya kusalimisha misumeno ya mkono, tulipopewa hii ya umeme bure. Wewe ulipiga vigelegele kuliko wote. Lakini ulisalimisha mmoja tu. Wa pili, ule mwembamba, uko uvunguni mwako, umeviringishwa kwenye kanga kuukuu, na hauombi ruhusa kwa mtu.

Acha hizo nguo. Utoe, uvuke uchochoro sasa hivi, mama wa watu anywe maji.