Barua ya Shen kutoka Peking

Wajumbe wa mfalme waliporudi Hanyang, mji mkuu wetu wa Korea, kutoka Peking, mume wangu alifungua barua ya rafiki yake Mchina, Shen, akacheka hadi kofia ikamwenda upande.

“Msomi mzima! Leo kaandika kwa herufi zetu za Kikorea, kama mtoto!”

Nilikuwa namsagia wino mkavu jiweni, kama kawaida. Barua zao huandikwa Kichina, maandishi ya wanaume, nami sijawahi kusoma hata moja; sisi wanawake tunajua herufi za Kikorea tu.

“Hebu lete.”

Herufi nyingine zilikuwa zimelala chali, lakini nilizisoma kwa sauti: “Shemeji, mumeo hana utani. Vichekesho anavyoniandikia najua ni vyako. Niandikie mwenyewe.”

Mume wangu aliacha kucheka. “Sasa utamwambia nini?”

Nilichukua brashi yake.

“Hayakuhusu. Wewe saga wino.”