Mbwa Asiye na Mwenyewe

"Mutaanza na miye," alisema Papa Gracien, akaketi katikati ya njia, mbwa kati ya magoti yake.

Ilikuwa Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Watu wa avenue nzima, mtaa wote ule wa kilimani pale Cimpunda, walitoka na majembe kuzibua mitaro, maana serikali haijui mtaro uko wapi mpaka siku ya kudai ushuru. Halafu chef wa avenue, Philémon, mkubwa wa mtaa, akapuliza filimbi na kubadilisha kazi. Acheni matope. Chukueni fimbo. Kuna mbwa wa kichaa.

Jana yake mbwa huyo mweusi alimuuma Maman Chancelle, muuza makaa, alipopita karibu na takataka. Sasa mama alisimama pembeni, kitambaa mguuni, na yeye ana fimbo.

"Papa Gracien, ondoka. Ile imbwa iko yako?" Chef aliuliza. Alikuwa amesimama juu kilimani, nyuma ya watu wote. Sauti yake ilikuwa ndogo, yeye ambaye akisema hapa wanamsikia mpaka kule mbali Bagira.

"Haiko yangu. Lakini hamutaiua."

"Inatetemeka! Angalia mate! Njo kichaa ile."

"Angalieni muzuri, muko na macho. Mukia iko chini ya tumbo. Masikio inalala. Inajilamba pua na hakuna chakula. Inapiga miayo na haina usingizi. Ile ni woga. Hata miye niko vile mutu wa ushuru akipiga hodi."

Watu wakacheka. Maman Chancelle hakucheka.

"Papa, imbwa ilikula muguu yangu, haikukula yako."

"Juu yako njo niko hapa, maman. Sijui kama iko muzima. Ikikufa leo, hakuna mwenye atajua tena."

Wote walimjua Noëlla, marehemu mke wa Gracien. Naye aliumwa na mbwa. Chef wa wakati ule, na hawa machef wote ni wa tumbo moja, alimuua mbwa palepale, akapangusa mikono, akasema kwisha. Hakuna aliyemchunguza mbwa, hakuna aliyetafuta sindano. Noëlla alirudi kwake kupika, akiamini wakubwa wamemaliza shida. Alipoanza kuogopa kikombe cha maji, wakubwa walikuwa wamekwisha kusahau hata jina lake.

"Munaua imbwa ili mukalale," Gracien alisema. "Leo hamulale. Tutaifunga, tutaiangalia. Na weye, maman, utaenda hospitali sasa hivi, upate sindano. Mwenye imbwa atakubeba."

Desturi ya avenue ile ni moja: mbwa wako akiuma mtu, unambeba mgongoni mwako, unateremka naye kilima chote mpaka barabara ya magari, watu wanaona. Gracien hakuitunga yeye.

"Haina mwenyewe!" Chef alidakia. "Sheria ilitoka, imbwa zote zikufe. Hata miye niliua yangu kwanza, kwa mufano. Hamukusikia kwangu kuko kimya?"

Kweli kulikuwa kimya. Nyuma ya ukuta wake na mlango wa bluu kulikuwa na mbwa ambaye watu walimjua kwa kubweka tu, hakuna aliyepata kumwona. Siku hizi hakubweka tena. Wengine walikuwa wamemsifu chef kwa hilo.

Chini ya mkono wake, Gracien alikuwa amehisi sikio moja la mbwa likiinuka kwa sauti ile ya chef. Chef aliponyamaza, likalala tena.

Gracien akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Sawa, chef. Nimechoka, nitaondoka. Lakini weye mwenye kutoa amri, kuya upige ya kwanza."

"Miye? Kuko vijana."

"Chef, unaogopa imbwa yenye kuogopa?" mwanamke mmoja alipaza sauti, jembe begani. "Aanze! Aanze!" wote wakaitika, na majembe yakagongwa chini.

Hapo hakuna chef anayeweza kurudi nyuma. Philémon aliteremka polepole, fimbo juu, watu wakimpisha. Gracien akainuka, akaondoa mikono.

Mbwa alisimama. Mkia ulitoka chini ya tumbo, ukaanza kuchapa huku na huku mpaka kiuno chote kikacheza. Akamwendea chef, akakaa kitako mbele ya viatu vyake, akainua mguu wa mbele wa kulia, akampa kama mtu anayetoa mkono.

Fimbo ilibaki hewani.

"Toka," chef alinong'ona.

Mbwa alisikia amri. Alipanda kilima, akigeuka nyuma kila mara kuona kama anafuatwa, mpaka kwenye mlango wa bluu. Akaukwaruza kwa kucha. Mlango ukafunguka kidogo, na sauti ya Maman Micheline, mke wa chef, ikateremka kilima kizima:

"Ayi, Tigre! Umerudi? Ingia mbiyo, Papa Philémon asikuone, atakufukuza tena!"

Philémon alipogeuka kutafuta njia ya kukimbia, Maman Chancelle alikuwa amekwisha kutupa fimbo yake. Alimpiga chef mabegani kwa kiganja mara mbili, ili ainame ambebe.