Alama ya Kumi na Tano

Elinipa aliandika ubaoni "Kugawanya", mkia wa g ukateremka kwa madaha hadi mstari wa chini, kisha akagawanya mia mbili na nne kwa sita akapata thelathini na tatu.

Nyuma ya darasa, kwenye dawati la mtoto lililomlazimisha kukunja magoti hadi kidevuni, Mwalimu Ambokile akakohoa.

"Mwalimu kakohoa," mtoto mmoja akanong'ona. "Jibu siyo hilo."

Darasa la nne zima likacheka. Elinipa akafuta, akaandika thelathini na nne, jasho likimtiririka mgongoni. Mbele ya watoto mia na kumi hakuwahi kutetemeka. Mbele ya zile mvi na ile miwani iliyofungwa kwa uzi, alijisikia kama hajavaa viatu.

Mpango wa ulezi wa walimu wapya ulikuwa umefika shuleni kwao, Janga, mwanzoni mwa mwaka, ukiwa na fulana, kalamu na fomu ya kurasa saba. Mlezi na mwalimu mpya wakae darasa moja: leo huyu afundishe, yule atazame, kesho wabadilishane. Sharti la mlezi lilikuwa moja tu, awe ameshathibitishwa kazini. Mengine Mungu angesaidia. Mwisho wa mwaka fomu iwe na alama kumi na tano. Ikipungua hata moja, mwalimu mpya anarudi nyumbani kusubiri ajira upya, na katika kusubiri ajira ya ualimu Elinipa alishaona watu wakizeeka.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya fomu.

Afisa elimu wa kata, Calist, aliingia kofia ya pikipiki ikiwa kwapani. Alikuwa na wiki tatu tu tangu apewe kata hiyo, na tayari alikuwa anaijua yote.

"Shikamoo, mzee wangu!" akamwambia Ambokile. "Mlezi hahitaji kutambulishwa. Unaonekana tu."

"Marahaba. Karibu, mkubwa."

"Na wewe binti, hesabu za darasa la nne ndizo zinakutoa jasho hivyo?"

Elinipa akafungua mdomo. Ambokile, aliyekuwa ameshasogea mbele kumpokea mgeni, akamkanyaga kiatu.

Walikwenda kukaa ofisini kwa mwalimu mkuu, ambaye hakuwepo. Alikuwa kwenye semina ya namna ya kutowaacha walimu wapya peke yao. Calist akaketi kwenye kiti cha mkuu huyo, akamwangalia Ambokile kwa heshima kubwa.

"Una muda gani hapa, mzee?"

"Miaka kumi na saba. Nilikuja choo cha wavulana kikiwa shimo na magunia."

"Umesikia, binti? Kumi na saba! Na sijawahi kukuona ofisini kwetu kulalamika eti mshahara umechelewa."

"Mimi? Haujawahi kunichelewea hata siku moja," alisema Ambokile.

Calist akaifungua fomu. Haikuwa na majina, ilikuwa na cheki namba ya mtumishi tu, ili pasiwe na upendeleo. Akajumlisha kwa sauti. "Maandalizi ya somo, tano kwa tano. Nidhamu, tano. Ubao na zana, nne. Uzoefu kabla ya ajira..." Akageuza ukurasa. "Hakuna. Sifuri. Jumla kumi na nne. Pole sana."

Elinipa akasogea hadi kwenye meza. "Na miaka ya kujitolea je, afisa?"

"Kujitolea ni sadaka, binti. Mfumo hauna kisanduku cha sadaka."

"Lakini afisa, kuna kitu hujakielewa..."

"Ehee! Mwezi wa kumi na moja tu kazini, tayari anamwelewesha afisa!" Calist akacheka, akamgeukia Ambokile kutafuta mwenzake wa kucheka naye. Ambokile akacheka kidogo, na kile kiatu akakikanyaga tena.

"Sikilizeni, mimi siyo mnyama," alisema Calist. "Kuna alama moja ya udhamini. Mtu mzima anayemfahamu mwalimu akimsemea, naiongeza. Mzee, nakuuliza wewe, mbele yake, bila kuoneana haya. Mwalimu mpya anafaa?"

Ambokile akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, taratibu, kioo kimoja kisha cha pili.

"Mwalimu mpya wa shule hii," akasema, "namfahamu vizuri sana. Darasa analimudu. Watoto anawapenda. Kasoro yake ni moja, anavumilia kupita kiasi. Lakini anafaa."

"Kijana wa siku hizi, mvumilivu!" Calist akapiga meza. "Basi. Ukisema wewe, nani atabisha? Huu ndio ulezi sasa." Akaandika kumi na tano, akagonga muhuri hadi kikombe cha kalamu kikaruka. "Sahihi malizieni wenyewe, nina kikao Mlandizi. Binti, mshukuru huyu mzee. Bila yeye ulikuwa unafungasha."

Pikipiki ikaondoka. Vumbi likaingia dirishani, likatua juu ya fomu.

"Kiatu changu kipya," alisema Elinipa.

"Ungeharibu, mwanangu."

"Na wewe ndiye ulinifundisha nisiseme uongo."

"Uongo uko wapi? Kaniuliza, nimejibu."

Elinipa akapuliza vumbi. Akatia sahihi kwenye mstari wa mlezi, g ya jina la baba yake, Mgonja, ikiteremsha mkia wake hadi chini, kama alivyofundishwa darasa la pili. Kisha akamsogezea kalamu yule aliyemfundisha kwa kujitolea, bila ajira, atie yake kwenye mstari wa mwalimu mpya.