Tunda Lenye Tundu

"Mti huu si msaipresi, mzee," alisema fundi bustani. Alisugua jani bapa vidoleni, akalinusa. "Msaipresi hunukia. Huu haunuki kitu."

Babu akacheka. Mti kaupanda mwenyewe mlangoni, kaupogoa miaka kumi, leo kifaranga aje kumfundisha kuku kuparua!

"Na matunda ya msaipresi ni makavu, magumu kama mbao. Haya mekundu, laini, yana tundu. Kuna mtu anayala?"

"Ndege tu."

"Nyama ya tunda haidhuru. Sumu iko kwenye mbegu. Ukiimeza nzima, huenda ikapita salama. Ukiitafuna, moyo unasimama."

Babu akazunguka mti mbio. Nyuma ya mti mjukuu wake alikuwa amechuchumaa, midomo myekundu, shavu moja limevimba.

Babu akapiga magoti, akamkingia kiganja. "Bibie wangu, tema hapa. Mbegu unazimeza au unazitafuna?"

Mtoto alimtazama kama anayegombezwa bure. Akafumba mdomo kwa nguvu, asije akanyang'anywa utamu wake.

Ndani ya shavu lile, babu akasikia kitu kikipasuka.