Mate ya Kitukuu

Bi Siwatu alipolala kwenye kitanda cha hospitali alipandisha gauni, akaacha tumbo wazi. Mashine ile ya picha kando ya kitanda aliijua, ni ya wenye mimba.

"Shusha nguo, bibi," daktari alicheka. "Leo tunapima mashavu, tuone mbona mdomo unakauka."

Akampaka ute wa baridi wa kupimia chini ya sikio, akapitisha kifaa polepole. Kwenye kioo cha mashine yakatokea madoa meusi, kama sega la nyuki.

"Hizi ndizo tezi za mate. Mwili wako wenyewe unazishambulia."

"Mwili wangu? Kwani nimeukosea nini?"

Daktari akaweka kifaa chini. "Tutakupa dawa. Na unywe maji."

"Maji nakunywa, mwanangu. Lakini Ijumaa analetwa kitukuu wangu wa kwanza. Kwetu mkubwa wa nyumba humtemea mtoto mate utosini, ndipo aitwe jina. Sasa mimi nitamtemea nini?"

Daktari akampa karatasi ya kujifutia. Bi Siwatu aliipokea, akaitazama, akaikunja na kuifungia kwenye pindo la kanga. Akatoka taratibu, ute ukingali unang'aa shavuni, kiganja amekikinga chini yake usidondoke kabla ya Ijumaa.